Mikono Mitatu Shimoni

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akimalize sasa. Hadithi hii ina giza ndani yake, na mtu akikohoa gizani ananishtua hata mimi ninayesimulia.

Kijiji kiliitwa Kizindo, kipo ubavuni mwa mlima, na wanawake wake walikuwa wafinyanzi. Bi Mkunde, mfinyanzi mkongwe wa pale, alikuwa na wakwe watatu, wake za watoto wake wa kiume. Wote walikaa ua mmoja, wakifinyanga pamoja na kugombana pamoja, na kila mmoja wao alikuwa na ngozi yake. Msinikodolee macho, nitaeleza.

Mkubwa wao aliitwa Nakijwa, lakini watu walimwita Mama Elisante. Mwanamke mnene, ana sauti, akicheka kuku wanakimbia. Huyu mwili wake ulisikia mtetemo. Ng'ombe wakivuka daraja kule bondeni, yeye aliyeketi chini uani anakwambia, "Wanarudi hao, fungueni zizi." Mtungi ukiwa na ufa ndani, ufa ambao jicho haliuoni, alikuwa anaugonga kwa ukucha huku ameuegemezea kiwiko, kisha anasema, "Huu umekufa, tupa." Ukibisha ukaupeleka motoni, unapasuka.

Wa pili ni Namkunda, Mama Shose. Mkimya, mabega mapana kama ya mpagazi. Yeye alijaliwa mkandamizo. Aliubana ukuta wa mtungi mbichi kati ya viganja vyake akajua hapa pamenenepa, hapa pamekonda, hapa pataanguka kesho. Na viganja vyake havikuchoka kumwambia. Sisi wengine tukishika kitu kizito muda mrefu mkono unakufa ganzi, hatujui tena kama tumeshika jiwe au mto wa kulalia. Namkunda alishika mchana kutwa na bado alijua.

Wa tatu alikuwa Nanzia, mdogo kuliko wote, mwembamba, na mwoga. Jamani, mwoga! Aliogopa radi, akaogopa mijusi, na zaidi ya vyote aliogopa mama mkwe. Lakini ncha za vidole vyake zilikuwa na mguso mwepesi ambao Kizindo haijawahi kuuona. Unywele mmoja ukidondokea chungu kibichi, anaukuta kwa kidole, macho kafumba. Mtu akipita nyuma yake bila kusema kitu, vinyweleo vya mkono wake vinamwambia. Kasoro yake ni moja: kidole cha aina ile husahau upesi. Kikigusa kitu kisha kikatulia, baada ya kitambo kidogo hakisemi tena, na lazima ukisogeze ndipo kiamke.

Mnacheka. Mnadhani ngozi ni gunia la kufungia nyama? Wanaosomea mwili wanasema ndani yake mna vipokezi, vidogo sana, na kila aina ina kazi yake. Vingine vimekaa juujuu na kushtuka kitu kinapogusa, halafu vinanyamaza. Vingine vinasikia mkandamizo na havikomi kusema mpaka uondoe mzigo. Vingine vipo chini kabisa, kazi yao mtetemo. Wewe pale, hiyo kanga uliyojifunga, ulikuwa unaihisi kiunoni kabla sijaitaja? Hukuwa unaihisi, usinidanganye. Basi sisi wote tunavyo vyote hivyo, ila hawa watatu kila mmoja alizidishiwa vya aina moja.

Sasa, katika ua ule alikuwepo mtoto, Mboni, wa kike, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Baba yake alikuwa kitinda mimba wa Bi Mkunde. Baba na mama wote walikuwa wamekufa, mtoto akabaki mikononi mwa bibi ambaye macho yake yalikuwa yanafifia na magoti yanamgomea. Wakwe wote watatu walimtaka. Mama Elisante alikuwa amezaa wavulana watupu, na Kizindo mvulana hafinyangi, kwa hiyo ujuzi wake ungezikwa naye. Namkunda alikuwa amemzika Shose wake, binti pekee, na hakutaka mtu aache kumwita Mama Shose. Nanzia hakuwa amezaa kabisa. Ndiyo maana aliitwa Nanzia tu. Hakukuwa na mtoto wa kumwitia.

Bi Mkunde alikataa kuchagua. "Nikimpa mmoja nimeua ua," alisema, akaendelea kulala na mjukuu wake.

Ila Kizindo ilikuwa na desturi yake kuhusu shimo la udongo. Mtu akimezwa na shimo akatolewa hai, anahesabiwa amezaliwa siku hiyo, na aliyemtoa ndiye mama yake. Si mama wa kuitwa kwa heshima, hapana. Anaondoka naye, anamlaza kwake, anamfundisha kazi, na siku ya posa yeye ndiye anayekaa kwenye mkeka wa mama. Na mkeka ule ni wa mtu mmoja.

Shimo lenyewe mlijue. Unaingia kwa kupiga magoti, unafika mahali penye nafasi ya watu watatu wakibanana. Mbele yako kuna matundu mawili, la kushoto na la kulia, yanayoingia mlimani, na kati yake wazee waliacha nguzo ya udongo ishike dari. Taa haiingii mle, ni mwiko. Walisema udongo ulioona moto kabla ya siku yake utapasuka tanuruni. Kwa hiyo walichimba kwa kupapasa. Na kwa kupapasa kila mwanamke aligundua siri ileile, kwamba udongo mzuri kuliko wote, ule laini usio na chembe ya mchanga, ulikuwa kwenye nguzo. Mmoja alikwangua kiganja kimoja, akajiambia nani atajua. Mwingine akakwangua. Nanzia naye alikwangua juma lile lile, moyo ukimdunda, kwa ajili ya chungu cha mama mkwe. Gizani hakuna aliyeona nguzo ilivyokonda.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mboni aliingia na kikapu chake huku akiimba puani, maana watoto ndio wanaopita kirahisi kwenye matundu. Nanzia alipiga magoti mlangoni akisubiri kupokea udongo. Nje, Mama Elisante alikuwa anakanyaga udongo kwa miguu mitupu, akimsimanga mtu fulani. Ghafla akanyamaza katikati ya neno.

"Nanzia, toka humo."

"Kuna nini, dada?"

"Toka nakwambia! Chini kunatetemeka!"

Nanzia alitoka kinyumenyume. Alitaka kuita jina la mtoto, kinywa kikafunguka, na mlima ukaketi. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa kama mtu mzito anaketi juu ya kitanda cha kamba, kisha vumbi likatoka mlangoni likamjaa Nanzia machoni na mdomoni. Kule ndani wimbo ulikuwa umekatika.

Sitawaelezea kilio cha Bi Mkunde. Wanaume walikuwa gulioni, ng'ambo ya bonde. Wanawake wakakimbilia majembe, na Mama Elisante akawazuia kwa mikono miwili, "Jembe hapana! Kila pigo litaushusha mlima!" Mtu akaleta tochi, mwiko ukavunjwa na hakuna aliyejali, lakini tochi ilipomulikwa ndani iliona vumbi tu, jeupe, zito, halipenyeki. Tochi ikazimwa.

Nanzia alikuwa ameketi kwenye matope. Alikuwa anawaza kitu kimoja, kile kiganja cha udongo alichokwangua. Aliwatazama wenzake usoni akaona nao wanawaza viganja vyao.

"Twende," alisema Namkunda.

"Mimi siwezi," alisema Nanzia. "Naogopa, Mama Shose. Nitakufa mle."

"Hata mimi naogopa. Lakini mabega yangu hayapiti kwenye tundu. Yako yanapita."

Wakaingia watatu. Nanzia aliingia analia, na hakuona haya.

Ndani mlikuwa na nusu ya nafasi ya zamani. Matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa na kifusi. Mboni aliingia lipi? Nanzia alidhani la kushoto, maana huko ndiko alikouona mgongo wake ukipotelea. Akaanza kukwangua kushoto kama kichaa.

"Acha," alisema Mama Elisante. "Wote acheni. Hata kupumua, pumueni polepole."

Akalala kifudifudi, tumbo, mapaja, shavu na viganja vyote juu ya ardhi. Mwanamke yule wa kelele, hamkuwahi kumwona kimya namna ile. Nanzia alisikia maji yanadondoka mahali fulani, na jasho lake mwenyewe linamtiririka shingoni. Alitamani mtu aseme neno, lolote. Kisha Mama Elisante akagonga ardhi kwa kitako cha kiganja, mara chache, akatulia. Akagonga tena.

"Ananijibu," alinong'ona. "Yuko hai. Anagonga kwa kisigino chake. Yuko kulia, jamani, kulia. Tundu la kushoto lina njia ya pembeni inayotokea la kulia, alishapita huko. Tungechimba kushoto tungemwangushia mzigo wote."

Wakageukia kulia. Hapo palikuwa na mawe na mabonge ya udongo yaliyopangana ovyo, na dari juu yake inapumua. Ndiyo, nasema inapumua, kwa sababu ndivyo Nanzia alivyoisikia kichwani kwake. Ondoa jiwe moja lisilofaa na wote wanne wanalala mle milele.

Namkunda akajongea mbele akaweka viganja vyake. Aliweka kimoja kwenye jiwe, kingine kwenye jiwe la juu yake, akakaa hivyo, hana haraka, kana kwamba anapima mtungi. "Hili limebeba," alisema. "Msiliguse. Hili limekaa tu, halina kazi. Toa." Nanzia akalitoa. "Hili limebeba kidogo. Subiri." Akaingiza bega lake chini ya bonge la dari, akaupokea uzito wake taratibu. "Sasa toa." Wakaendelea hivyo, jiwe kwa jiwe. Uzito ukamhamia Namkunda begani na kwenye viganja, na alikuwa anausoma wakati wote: sasa umeongezeka, sasa umegeukia kushoto, sasa umetulia. Alipiga kelele mara moja tu, ya maumivu, halafu akasema, "Endelea, usinitazame."

Kumtazama kwa macho gani? Giza totoro.

Mwishowe palipatikana upenyo, mwembamba kiasi cha bega na kichwa cha mtu mwembamba. Nanzia alijua ni zamu yake.

"Nikikwama je?"

"Nitakuvuta miguu," alisema Mama Elisante.

"Na mlima ukishuka?"

Akalala chini, akatanguliza mkono wa kulia, akaingiza kichwa. Udongo ulimbana mbavu kwa pande zote na pumzi ilikuja nusu nusu. Alitaka kurudi. Nawaambia ukweli, alikwisha kuanza kurudi. Ndipo vinyweleo vya mkono wake vikasimama. Kulikuwa na hewa mle mbele, kidogo sana, inakuja na kwenda, inakuja na kwenda. Upepo wa shimo hauendi hivyo, akajua ni pumzi ya mtu.

Akasukuma mkono. Kidole kikagusa vitu vyembamba vilivyoning'inia. Mizizi ya nyasi. Akavipita. Vingine, mizizi tena. Vingine, na hivi vilikuwa laini, vimesukwa. Nywele! Akashuka nazo, akakuta paji la uso, akakuta shavu lenye matope na maji ya machozi, akaweka vidole chini ya pua.

"Mboni, ni mimi. Usijitikise, mwanangu. Nimekushika."

Neno lile, mwanangu, lilimtoka bila kuombwa. Pumzi ilikuwa inampapasa ncha za vidole, hafifu. Alitulia pale kumpa mtoto moyo na kujipa yeye mwenyewe. Mara pumzi ikafifia. Ikafifia zaidi. Ikapotea.

"Mama Elisante!" alipiga ukelele uliomrudia usoni. "Amekata roho! Hapumui! Amenifia mkononi!"

"Mlima unatetemeka, nyamaza!"

"Amekufa, amekufa..."

Hofu ya Nanzia mpaka pale ilikuwa hofu ya kufa yeye. Hii ilikuwa nyingine. Lakini hofu hiyo hiyo ilimfanya ashtuke, vidole vikacheza, na pumzi ikarudi! Kumbe haikwenda popote. Vidole vilikuwa vimetulia mno, vikaizoea, vikasahau. Tangu hapo hakuvitulizia tena. Alivisogeza bila kukoma, puani, shavuni, shingoni, mpaka akaufikia mkono wa mtoto, akaukamata kifundoni.

"Nimemshika! Vuteni!"

Mama Elisante alimshika Nanzia miguu, Namkunda akamshika kiuno kwa mkono mmoja, mwingine bado umeshika dari. "Msivute mpaka niseme," alisema Mama Elisante, tumbo lake limelala chini. "Bado, bado, unatetemeka. Umetulia. Sasa!" Wakavuta. Mguu wa mtoto ulikuwa umebanwa; Namkunda alilisikia hilo kupitia kiuno cha Nanzia, akasema, "Pole pole, mtang'oa mfupa," akalisogeza kwa goti lake jiwe la mlangoni lililokuwa likisukuma mawe ya ndani, uzito ukaachia mguuni. Wakavuta tena.

Walitoka wanne, wanatambaa, wanapiga chafya. Namkunda aliachia dari mwisho. Walikuwa bado wanajipangusa macho mlima ulipoketi kwa mara ya pili, na safari hii lile shimo likafungika kabisa.

Vigelegele vikapigwa. Bi Mkunde alimpapasa mjukuu wake kila mahali, akamtoa udongo puani kwa kidole, akamlaza kifuani. Halafu akainua uso, na vigelegele vikakoma, kwa sababu wote walijua swali linalokuja.

"Nani kamtoa?"

"Mimi," alisema Mama Elisante. "Walikuwa wanachimba kushoto, mama. Waulize. Kushoto! Bila mwili wangu wangemzika kwa mikono yao. Na nani aliyesema vuta, nani aliyesema acha? Nina wavulana watupu, ujuzi huu nitamwachia nani?"

Namkunda aliinyoosha mikono yake mbele ya mama mkwe. Ilikuwa imevimba, vidole havikunjiki, na hakuna aliyejua kama atafinyanga tena. "Niliushika mlima," alisema. "Sina la kuongeza. Shose wangu sikuweza kumshikia homa ile. Huyu nilimshikia mlima."

Na Nanzia, ambaye hajawahi kunyanyua sauti mbele ya mama mkwe tangu aolewe, alisimama. "Mkono wangu ndio uliomgusa. Mama, wao walikuwa na mahali pa kukimbilia, mimi nilikuwa nimebanwa kama yeye. Nilimwita mwanangu mle ndani na sikumwita kwa ajili ya desturi. Nipeni. Jamani, nipeni huyu."

Bi Mkunde akamgeukia mtoto. "Mboni, mama yangu, nani alikutoa?"

"Mkono," alisema Mboni.

"Wa nani?"

"Kulikuwa giza, bibi." Alifikiri. "Kwanza ardhi ilinigonga tumboni, nikajua kuna mtu, nikaacha kulia. Halafu kitu kikanigusa shavuni. Halafu kitu kikanigusa shavuni."

"Na katika hivyo vitatu, kipi kilikuwa mama?"

Mboni aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Midomo ilianza kumcheza. Mtoto aliyeacha kulia chini ya mlima, sasa alijificha usoni mwa bibi yake akalia kwa sauti, maana alielewa kuwa akitaja mmoja atapoteza wawili. Nanzia alimwona akilia, na aliogopa kuliko alivyoogopa shimoni.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimesimulia na kazi yangu imeisha. Bi Mkunde yupo pale uani, hawezi kuchagua na desturi haimruhusu kukaa naye tena. Milango mitatu iko wazi. Mtoto amelowa matope na anatetemeka kwa baridi, hawezi kusimama nje mpaka mmalize kubishana. Semeni upesi, ninyi mliokuja kusikiliza: mngempeleka mlango upi, na ile miwili mingine mngeiambia nini?